Nsumba Ntale na Watengeneza Mifumo

Katika ofisi nyingi zinazotengeneza mifumo ya kompyuta, kuanzia kampuni za Dar es Salaam hadi vitengo vya TEHAMA vya serikali kule Dodoma, siku hizi inasemwa kwamba timu inajiongoza yenyewe. Bosi hapangi kila asubuhi nani afanye nini; wanatimu hugawana kazi, hukubaliana lipi litangulie, na hukaguana. Wakuu wa idara wanaosikia habari hizo hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaodhani wameambiwa wakae pembeni wasubiri mfumo uje umeiva. Wapo wanaouona kuwa ujanja wa vijana wasiotaka kusimamiwa, nao hujibu kwa kudai ripoti zaidi. Makundi yote mawili yanakosea mahali pamoja, kwani yanaupima uongozi kwa wingi wake tu. Timu inayojiongoza inahitaji uongozi mwingi, pengine kuliko timu ya kawaida, ila uongozi huo hufanyika kabla kazi haijaanza na kwenye mipaka kati ya timu na walio nje yake. Kazi ikishachanganya, kiongozi ana machache ya kusema. Ushahidi wa jambo hili hauhitaji kufuatwa California. Mkoa wa Simiyu, ambao wengi nje ya Kanda ya Ziwa wanaujua kwa pamba tu, una historia ndefu ya vikundi vya namna hiyo, vilivyofanikiwa na vilivyoharibika, na historia hiyo inafundisha zaidi ya vitabu vingi vya menejimenti.

Tuanze na wenye kompyuta. Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, milimani katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko fupi na misingi 12 ya namna ya kutengeneza programu. Namna hiyo ikaitwa ajaili. Walikuwa wamechoshwa na utaratibu wa kuandika mahitaji yote kwenye kitabu kinene, kukitia saini, kujifungia mwaka mmoja au miwili, kisha kumkabidhi mtumiaji kitu ambacho haja yake ilishabadilika zamani. Kwa ajaili, kazi hukatwa vipande vya wiki 1 hadi 4. Kila kipande kinapokwisha, mtumiaji huonyeshwa kitu kinachofanya kazi kweli, hata kikiwa kidogo, naye husema hiki sicho au hiki ndicho. Asubuhi timu husimama pamoja kwa dakika 15, kila mmoja aseme amefika wapi na amekwamia nini. Timu yenyewe huwa ndogo, mara nyingi haizidi watu 9. Mbinu hii haikuzuka siku hiyo. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walieleza jinsi Honda, Canon na Fuji-Xerox zilivyokuwa zikibuni bidhaa mpya: wakuu walitoa lengo gumu lakini pana, wakachagua watu kwa makini, kisha wakaiacha timu itafute njia. Na mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth, ambaye aliwahi kuwa mchimbaji mwenyewe, waliandika kuhusu migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Zamani wachimbaji walichaguana wenyewe, wakafanya kazi zote kwa kupokezana na kugawana malipo. Zilipokuja mashine, uongozi ukawakata kwa zamu, kila zamu na kazi yake moja. Ushirikiano ukavunjika, lawama zikahamia zamu iliyotangulia, na mashine mpya hazikuleta tija iliyotarajiwa.

Sasa turudi Simiyu, nchi ya Usukuma. Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi, nchi ya Wanyantuzu, tawi la Wasukuma. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 humo. Muda mrefu kabla ya mkoa huo kuwa na jina, vijana wa vijiji vya Usukuma walikuwa na umoja wao wa kulima, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni na ambaye mwaka 1953 alichapisha kitabu kikubwa juu ya sheria na mila za Wasukuma, aliwaeleza hao basumba batale (wingi wa nsumba ntale) kwa kirefu. Nsumba ntale hakuteuliwa na mtemi wala na ng'wanangwa, mkuu wa kijiji. Alichaguliwa na vijana wenzake, nao waliweza kumwondoa. Mwenye shamba aliyetaka kulimiwa alikwenda kwake, wakapatana ukubwa wa eneo, siku, chakula na malipo, pengine mbuzi, pengine fedha. Mapatano yakiisha, mwenye shamba hakuwa na kauli juu ya nani ashike mstari upi au walime kwa kasi gani. Alikuja kutazama shamba likishalimwa. Kijana asiyefika bila sababu alitozwa faini na wenzake, na hapo ng'wanangwa hakuwa na nafasi.

Kilichokuwa kikitokea shambani kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndipo motisha ilipokuwa. Wakulima husimama safu moja, kila mtu na mstari wake. Ngoma inapigwa pembeni, mwimbaji anatoa wimbo, na majembe yanapanda na kushuka kwa pigo moja. Wacheza bugobogobo wa leo, wale wanaorusha majembe juu na kuyadaka mbele ya wageni wa kitaifa, wanaigiza kazi iliyokuwa ya kweli na ambayo baadhi ya vikundi bado vinaifanya. Mwanamuziki na mtafiti Frank Gunderson, aliyekusanya nyimbo nyingi za kazi za Wasukuma na kuchapisha kitabu mwaka 2010, ameonyesha kuwa nyimbo hizo zilisukuma kazi yenyewe, hazikuwa pambo lake. Tazama jinsi mpango huo unavyopambana na uvivu. Mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Max Ringelmann, aliwahi kupima watu wakivuta kamba, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913: watu 8 wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu ambayo angeitoa akiwa peke yake. Sehemu ya upotevu huo ni kutopatana kwa wakati. Sehemu nyingine, kama majaribio ya baadaye yalivyothibitisha, ni mtu kujificha nyuma ya wenzake. Ngoma inatibu la kwanza, kwa kuwa wote wanapiga pamoja. Mstari wa kila mtu unatibu la pili, kwa kuwa aliyebaki nyuma anaonekana na safu nzima, bila msimamizi kumtaja. Ubao wa kazi unaotundikwa ukutani kwenye ofisi ya ajaili, wenye karatasi ndogo zinazohama kutoka upande wa «inafanywa» kwenda «imekwisha», unafanya kazi ya mstari ule. Bosi akiugeuza kuwa daftari la kumkaripia mtu, karatasi zinaacha kuhama kwa ukweli, na ubao umekufa.

Kuna mafunzo mengine kutoka kwenye ngoma za mashindano. Usukumani kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo ushindani wake una zaidi ya karne moja. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi huamuliwa na watazamaji kwa miguu yao: wanakokwenda wengi ndiko kwenye ushindi. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, anayeona watu wanahamia kwa mpinzani hasubiri ripoti ya mwaka. Anabadilisha wimbo, anatoa kituko kipya, mwakani anakuja na vazi jingine. Hivi ndivyo ajaili inavyotaka mtengeneza mfumo akutane na mtumiaji, uso kwa uso na mapema, wakati bado kuna nafasi ya kubadilika. Mfano maarufu wa Afrika Mashariki ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, Thika ikiwa mojawapo ya maeneo, na kusudi lilikuwa wakopaji wa taasisi ya Faulu warejeshe mikopo kwa simu. Timu ndogo ya Nick Hughes na Susie Lonie ikaona watu wanaifanyia mambo mengine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando na kilichouzwa kwa wananchi ni kutuma pesa nyumbani. Timu iliyofungwa na mkataba wa kurasa 300 ingekamilisha mfumo wa kurejesha mikopo, ingepata cheti cha kukamilisha kazi, na leo hakuna ambaye angekuwa anaujua.

Msomaji anaweza kusema kuwa nimechagua mifano mizuri. Basi tuangalie upande wa pili, kwa watu walewale na majembe yaleyale. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Mengi yaliyoamriwa yalikuwa na akili kitaalamu: kulima matuta ya kuzuia maji, kusambaza samadi, kupanda mihogo kwa ajili ya njaa, kupunguza mifugo. Yalipitishwa kwa watemi kama sheria ndogo, na aliyekaidi alitozwa faini. Wakulima waliokuwa wakiimba kwenye shamba la jirani hawakuimba kwenye matuta ya serikali. Upinzani ulikua mwaka hadi mwaka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ulazimishaji huo uliachwa. Katika miaka hiyohiyo, wakulima wa pamba walioshuku mizani ya wanunuzi walianza kuajiri wapimaji wao wenyewe wasimame pembeni ya mizani. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likasajiliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Sitaki kudai kwamba kujiongoza peke yake ndiko kulikopandisha pamba. Bei ilikuwa nzuri baada ya vita, na ardhi mpya ilikuwa inafunguliwa upande wa Maswa na Geita. Lakini tofauti ya juhudi kati ya kazi ya kuamriwa na kazi waliyoipanga wenyewe, kwa watu walewale na katika miaka ileile, haielezeki kwa bei peke yake.

Ushirika huohuo unaonyesha pia jinsi kujiongoza kunavyokufa. Mwaka 1966 kamati maalumu ya uchunguzi iliyoundwa na Rais ilikuta vyama vikiwa na uzembe, upendeleo, na wanachama wasioelewa kinachoendelea kwenye vyama vyao. Mwaka 1968 shirikisho likageuzwa kuwa Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa na kazi zao kupewa vijiji na mamlaka za mazao. Miaka ya 1980 vikarudishwa kwa sheria mpya. Kosa ambalo halisemwi sana ni la ukubwa. Mpimaji aliyesimama kwenye mizani ya kijiji alijulikana na kila mtu, na akidanganya aliondolewa wiki hiyohiyo. Mhasibu wa shirikisho aliyekaa Mwanza hakuwahi kuonekana na mkulima wa Itilima, huko Simiyu. Kadiri anayeamua alivyokwenda mbali na anayeathirika, ndivyo wanachama walivyogeuka watazamaji wa chama chao. Wenye kompyuta walifika kwenye jambo hilo kwa njia yao. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo mkubwa wa IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi, kwa sababu wageni wanahitaji kufundishwa na njia za kuwasiliana zinaongezeka haraka kuliko mikono. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiongozi, kabla ya hotuba yoyote ya kutia moyo, ni kulinda udogo wa timu.

Hapa tunafika kwenye fedha, ambako mazungumzo mengi ya motisha Tanzania huanzia na kuishia. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Deci aliwapa wanafunzi fumbo la vipande vya kuunganisha. Siku ya kwanza wote walilifumbua bure. Siku ya pili baadhi walilipwa kwa kila umbo walilolipata. Siku ya tatu malipo yaliondolewa, na wale waliowahi kulipwa walipoachwa peke yao kwa dakika chache walilishika fumbo muda mfupi kuliko wasiolipwa. Malipo yalikuwa yamekula hamu. Jaribio hili hutumiwa vibaya na waajiri wanaotaka kuhubiri uzalendo kwa watu wenye mishahara duni, kwa hiyo niseme wazi: mtengeneza mfumo asiyejua kodi ya nyumba ataitoa wapi hatatiwa moyo na ubao wa kazi. Mshahara utoshe na uwe wa haki, kwanza. Shida yetu ni namna ya ulipaji. Ni kawaida kwa mfumo wa umma kujengwa kwenye kambi: wataalamu wanatolewa vituoni kwao, wanakusanywa mji mmoja kwa wiki kadhaa, wanalipwa posho kwa siku, bajeti ikiisha wanatawanyika. Kambi ina raha zake, na kazi kubwa zimefanyika humo. Ila posho ya siku inalipa urefu wa kambi. Anayemaliza kwa siku 10 kilichopangiwa siku 20 amejikata mwenyewe. Na mtu akishazoea kuwa kikao kina posho, kile kikao cha dakika 15 cha asubuhi, ambacho ndicho mshipa wa ajaili, kinaonekana ni cha kupuuzwa. Kibaya zaidi, timu iliyotawanyika haiwezi kusikia malalamiko ya mwezi wa tatu wa kuutumia mfumo, ambayo ndiyo yenye faida kuliko yote.

Si kwamba nchi haijui kufanya vingine. Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ambao umemfanya kila Mtanzania ajue kontrol namba, ulijengwa na wataalamu wa Wizara ya Fedha wenyewe, ukaanza mwaka 2017. Mwaka 2023 mfumo wa ununuzi wa umma uliokuwa umetengenezwa na kampuni ya nje ulibadilishwa na NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani. Waliojenga wanabaki, na wanaobaki wanajifunza. Lakini mifumo ya kitaifa ina mtumiaji wa mwisho aliye mbali sana na meza ya Dodoma. Chukua GoT-HoMIS, mfumo wa hospitali wa TAMISEMI. Kwenye dirisha la usajili mgonjwa anaandikwa, analipia, anakwenda kwa daktari, maabara, kisha dirisha la dawa, na kila hatua inasubiri iliyotangulia ikamilike kwenye kompyuta. Mtandao ukikatika asubuhi ya siku ya kliniki, mhudumu anarudi kwenye daftari, na jioni inabidi mtu aingize upya majina yote. Mtengeneza mfumo akiambiwa hayo kwa barua, anaandika kwenye orodha «tatizo la mtandao» na kuendelea. Akisimama nyuma ya mhudumu huyo asubuhi moja, anarudi na kazi yenye sura: mfumo ujaze wenyewe yaliyoandikwa wakati mtandao haupo. Hakuna bonasi inayotia hari kama kumwona mtu anayehangaishwa na kitu ulichokitengeneza wewe. Kiongozi anayetaka timu yenye moyo angetumia sehemu ya fedha za kambi kuwalipia nauli ya kwenda Maswa au Meatu.

Pingamizi zito zaidi ni la uwajibikaji. Fedha ni za umma, sheria za ununuzi zipo, Mkaguzi Mkuu atauliza. Itakuwaje timu ijiamulie? Historia ya Usukuma inalipa pingamizi hili nguvu kuliko wapinzani wenyewe wanavyojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi ulipozidi upande wa Kahama na Shinyanga, wanavijiji walijiunda kuwa sungusungu, wakiwa na viongozi wao, ishara zao za kuitana na adhabu zao. Wizi ulipungua, na serikali iliyokuwa na wasiwasi ikaishia kuwasifu. Lakini vikundi visivyo na mpaka vilianza kushughulikia mashtaka ya uchawi na madeni ya watu binafsi, wakawapo waliopigwa na waliouawa. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwaingiza kwenye utaratibu. Kosa halikuwa kujiongoza. Hakuna aliyekuwa amechora mapema yapi ni yao na yapi ni ya polisi na mahakama. Richard Hackman wa Harvard, aliyechunguza timu kwa miongo kadhaa, alisisitiza hilohilo: mwenye mamlaka aseme bila kumung'unya maneno lengo ni lipi na mipaka ni ipi, kisha njia aiachie timu. Kwa mfumo wa hospitali, lengo ni la mwajiri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina mjadala: siri ya mgonjwa haipigiwi kura kwenye kikao cha asubuhi. Lakini programu iandikwe kwa lugha ipi, nani akague kazi ya nani, wapi waanze, hayo ni yao. Anayechanganya mafungu haya mawili, akaacha lengo lielee huku anabana njia, anapata hasara za pande zote. Ndiyo hali ya ofisi nyingi.

Wengine watasema kulima si kuandika programu. Ni kweli, na tofauti hiyo inaniunga mkono mahali fulani na kunipinga mahali pengine. Mwenye shamba anajua kulima. Angetaka, angeweza kusimamia kila jembe. Mkurugenzi hawezi kusoma programu, kwa hiyo usimamizi wake wa hatua kwa hatua ni wa kujifariji tu. Lakini kulima ni kazi inayojulikana mwisho wake, na kosa shambani linaonekana kwa jicho. Kosa la programu hujificha, na linajulikana mapema tu kama aliyelifanya atasema. Amy Edmondson, alipochunguza wauguzi katika hospitali za Marekani miaka ya 1990, alitarajia timu bora ziwe na makosa machache. Akakuta ndizo zilizoripoti mengi, kwa sababu watu wake hawakuogopa kusema. Kwetu heshima ya umri na cheo ina uzito wake. Kijana wa miaka 24 aliyeanza na shikamoo hatamwambia mkuu wake dakika mbili baadaye kuwa ushauri wake wa jana ndio ulioangusha mfumo. Sioni haja ya kuifuta shikamoo. Mkuu anaweza kufanya jambo dogo: kikao cha asubuhi asihudhurie, na kile cha kujitathmini mwisho wa wiki, akiitwa, aseme wa mwisho. Nsumba ntale aliambiwa ukweli kwa urahisi kwa sababu alikuwa rika la aliowaongoza, na jembe mkononi alikuwa nalo pia.

Limebaki lile la uchache wa watu, ambalo kwa Bariadi ndilo la kweli kuliko yote. Halmashauri ya kawaida ina maafisa TEHAMA wachache sana, na wachache hao ndio wanaoitwa printa ikigoma, kipaza sauti kikikwaruza kwenye baraza la madiwani, na nywila ya mwalimu mkuu ikisahaulika. Kuwaita hao timu inayojiongoza ni kuwatania. Ila mkoa una halmashauri 6: Bariadi mji, Bariadi wilaya, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na zote zinahangaika na matatizo yanayofanana, kuanzia taarifa za wakulima wa pamba za AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, hadi hesabu za zahanati. Kila halmashauri ikitoa mtu mmoja, siku 2 za kila wiki, siku ambazo mkurugenzi ameahidi kutomwita kwa printa, inapatikana timu ya watu 6, ukubwa ambao Ringelmann na Brooks wangeukubali. Lengo lipangwe na Katibu Tawala wa Mkoa, moja tu, lenye mtumiaji anayejulikana. Mipaka iandikwe kwenye ukurasa mmoja. Kila wiki 2 kazi ionyeshwe kwenye zahanati au ghala la AMCOS, kwa atakayeitumia, na asiyeridhika aruhusiwe kuondoka kama mtazamaji wa Bagika na Bagalu. Mratibu achaguliwe na hao 6. Muundo wa utumishi wa umma hautambui cheo cha namna hiyo, na hauna haja ya kukitambua: mshahara wake ubaki palepale, daraja lake libaki palepale, na wenzake wakimchoka baada ya miezi 3 wamweke mwingine bila barua kwenda Dodoma.